Kumtoa Mama Mai Mahiu Kabla ya Mvua

Niliondoka kwangu Dundori kwa sababu ya mawingu. Yalikuwa yameanza kulala juu ya msitu kila alasiri. Wakulima wa viazi hufurahia hilo, lakini mimi nikiyaona, nawaza Mai Mahiu. Mama yangu alikuwa akiishi peke yake Mai Mahiu, kando ya korongo. Mvua za mwaka uliopita, maji yalishuka kutoka juu yakabeba jiko lake na mbuzi wote, yakaacha chumba kimoja cha mabati. Na katika chumba hicho hicho mama alirudi akakaa. Tukimwambia ahame, anajibu, "Mungu ndiye kimbilio langu." Sasa utabishana na hilo vipi? Nilimwambia mume wangu kwamba sirudi nyumbani bila huyo mama.

Nakuru, asubuhi. Nilimpitia ndugu yangu Kamau, anayekaa mtaa wa Section 58, kwa sababu ana pikapu. Nilimkuta akinywa chai, hana haraka ya aina yoyote.

"Sista, tumeongea na mathe hadi tukachoka. Si unamjua? Hatoki."

"Wewe umeongea naye. Mimi bado. Maliza chai twende."

"Na akikataa?"

"Kamau, washa gari!"

Aliwasha. Lakini kabla hatujatoka getini alizima tena ili tuombe, maana kwetu safari haianzi bila maombi. Yeye aliomba. Mimi nilifumba macho tu. Tangu yale maji, kila nikitaka kuomba, hasira ilikuwa inanizuia, na sikuwa nimemwambia mtu.

Gilgil tulipita jua likiwaka. Naivasha tukanunua mkate na majani ya chai, maana huendi kwa mama mikono mitupu. Kutoka hapo tulishika barabara ya chini, mlima Longonot ukiwa kando yetu, vumbi likiingia mpaka mdomoni. Kamau alijaribu kunifundisha namna ya kuongea na mama kwa upole. Nilimwambia upole nimeuacha Dundori.

Mai Mahiu, adhuhuri. Mama hakuwa nyumbani. Tulimkuta barabarani, mahali malori husimama kabla ya kuanza kupanda mlima kwenda Nairobi, kofia ya sufu kichwani na leso kiunoni. Kazi yake hii nilikuwa nimeisikia tu, sikuwa nimewahi kuiona. Madereva wanasimama, wanamwita shosho, yaani nyanya yao, naye anaweka mkono kwenye boneti, anaombea gari na aliye ndani.

"Bwana asifiwe, shosho!" dereva mmoja alimwita. "Niombee haraka, nimechelewa."

"Asifiwe sana. Umeangalia breki?"

"Ziko sawa tu."

"Nimeuliza, umeangalia?"

Dereva, jitu zima lenye kitambi, akatazama viatu vyake.

"Shuka uingie chini ya gari. Mimi siombei uvivu. Mungu amekupa macho, halafu unataka ashuke akushikie tochi?"

Jamaa aliingia chini ya lori, kweli. Wenzake wakamcheka. Alipotoka na mafuta usoni ndipo mama alipoomba, na aliomba kwa moyo wote.

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Dundori. Nikaiacha.

"Mama," nikasema, "na wewe umeangalia breki?"

"Breki gani?"

"Unalala kando ya korongo na mvua hii hapa. Ile siku ya maji, Mungu alimtuma jirani akakushika mkono mkapanda juu. Leo ametutuma mimi na Kamau na gari. Au unataka ashuke mwenyewe akubebee godoro?"

Kamau alikohoa. Hakuna anayemjibu mama yangu hivyo mbele ya watu, na nilijua.

"Wambui, wewe una mdomo," akasema.

"Nimeutoa wapi?"

Akacheka mpaka akaegemea lori. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Kwako nitakuwa nani? Kikongwe wa kuletewa chai? Hapa najua Mungu ananisikia. Huko sijui."

Kumbe! Mwaka mzima tulidhani ni ukaidi. Nilimkumbatia hapo hapo kando ya barabara.

"Hata mimi sijui, mama. Sijaweza kuomba tangu yale maji. Lakini twende, tutajua tukiwa wawili."

Alikubali, na tukaanza kurudi mchana huo huo. Vitu vyake vilikuwa vichache: godoro, sufuria, jembe na kuku, vyote chini ya turubai. Kazi ya kuombea madereva alimwachia Mama Njeri, anayeuza chapati kwenye kibanda cha pale kando, na akamwonya asidanganywe na wenye haraka. Mvua ilitupata Gilgil. Kamau akapunguza mwendo. Mama alikaa katikati yetu, ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukaniuma.

Dundori tulifika mvua ikipiga mabati, hatusikiani. Nilimlaza mama kitandani, naye alikuwa akitetemeka mwili mzima. Ndipo nilipojua kwamba kule Mai Mahiu, kila iliponyesha, alitetemeka hivi peke yake, halafu kukikucha anaenda kuombea wengine. Niliumia sana. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu, nimekukasirikia, na bado sina mwingine wa kukimbilia. Mshike mama. Nishike na mimi."

Nilirudia maneno hayo hayo kwa sauti ya kushindana na mvua, kwa sababu sikuwa na mengine.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mwenye imani huogopa kama wengine, ila anajua aende kwa nani, na haoni haya kwenda hata akiwa na hasira. Nilitaka kumwambia mama hivyo. Nilipoinua kichwa, alikuwa anakoroma, na mvua bado inanyesha.