Mahali Yangu

Kijicho nilikuwa nacho, sikatai. Mwenzangu alikuja kutoka Kenya na begi moja na Biblia yake, na kabla mwezi haujaisha daktari aliyeongoza utafiti wetu alikuwa akimwita mkono wake wa kulia. Mimi nilikuwa na miaka sita pale ofisini. Sikuwahi kuitwa hata kidole.

Nimezaliwa Old Kampala, babu zangu walikuja na biashara kutoka pwani. Nyumbani kwetu mtoto akikosea Kiswahili alirudishwa mlangoni aanze salamu upya. Yeye je? "Hii kitu", "ile mtu", asubuhi mpaka jioni. Lakini tableti aliijua. Mimi bado nabonyeza kwa kidole kimoja, yeye keshamaliza mahojiano matatu, keshayatuma, anakunywa soda.

Tulikuwa tukiwauliza wanawake wa Nateete kwa nini wanabaki na waume wanaowapiga. Majibu yangekwenda kwa wakubwa wanaoandika sera. Na daktari alishasema: mmoja wetu atawasomea wakubwa hao matokeo, kisha apandishwe kuwa msimamizi. Nafasi ile niliitaka mpaka naiota.

Siku moja tulikwenda pamoja kwa mama mmoja muuza matoke sokoni. Mwenzangu akawa anauliza, mimi nimekaa pembeni juu ya gunia.

"Kwa nini hujaondoka, mama?"

"Mahali," akasema yule mama. "Mahali yangu. Baba hana."

Mwenzangu akaandika kwamba hana mahali pa kwenda, hata kwa baba yake. Mimi nilielewa palepale. Wengi wa Kampala r na l hupishana midomoni mwao; mama alikuwa anasema mahari. Ng'ombe walishapokewa na baba yake na kumalizwa, na akimwacha mume lazima warudishwe. Tena alisema "yangu", hakusema "pangu". Sikio lililolelewa lingeshtuka. La mwenzangu halikushtuka, maana kwake yeye kila kitu ni "yangu".

Mama akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, kwamba nimeelewa. Halafu nikanyamaza. Nilisema moyoni, acha aumbuke mwenyewe mbele ya wakubwa.

Ofisini kompyuta ikahesabu maneno, na "mahali" likatokea juu kabisa, limeandikwa kubwa kwenye skrini. Daktari alifurahi sana. Mwenzangu akaniletea kurasa zote za majibu.

"Dada, nipitishie macho. Wewe ndio uko na Kiswahili, mimi nabahatisha tu."

Alisema kwa unyenyekevu wa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikazifunua zile kurasa moja moja. Mahali yangu, mahali yangu, mahali yangu. Nikamrudishia.

"Ziko sawa," nikamwambia. Akanishukuru mara mbili.

Siku ya mkutano na wakubwa nilivaa nguo zangu za Idi, nikakaa mstari wa mbele, mwenzangu akisoma matokeo. Nilingoja mtu mmoja tu ainue mkono aulize kama ni mahali au mahari. Hakuna aliyeuliza. Wakubwa wakaahidi nyumba ya hifadhi kwa wanawake wasio na mahali pa kwenda, na mwenzangu akawa msimamizi. Roho iliniuma, lakini makofi nilipiga.

Nyumba ilifunguliwa mwaka uliofuata, ina geti na vitanda vizuri. Siku moja nikapita Nateete kununua matoke na nikamkuta yule mama palepale pake, jicho limevimba. Nikamwuliza, kwani ile nyumba hawakumpokea?

"Walinipokea, nyabo," akasema. "Nilikaa siku tatu. Kaka zangu wakaja kunitoa. Ng'ombe hakuna, wakasema, rudi kwa bwana."

Nikamwambia kulitokea makosa katika kuandika, kwamba mwenzangu ni mgeni na hakumsikia vizuri.

"Najua," akasema. "Yule alikuwa anaangalia simu yake kubwa."

Akanichagulia mkungu, akaufuta vumbi, akaniwekea miguuni. Kisha akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, polepole, vilevile nilivyomwitikia mimi siku ile.