Kikao cha Kumpima Mdakaji

Mafuta ya mandazi na zulia ambalo halikauki: hiyo ndiyo harufu ya majira ya joto niliyotimiza miaka kumi na moja, katika fleti yetu ya Maplewood. Watoto wengine walikuwa nje wakichubuka magoti kwa baiskeli. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nalo lilikuwa limeshaanza kuchukua umbo langu. Sijabadilika sana, nimebadilisha kochi tu. Lakini mwaka ule uvivu wangu ulikuwa na cheo. Baba alifanya shifti ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani, na mechi za besiboli zilichezwa saa hizo hizo. Basi akanipa daftari. Kazi yangu ilikuwa kumtazama kwenye televisheni mchezaji mmoja tu, Wendell, na kuandika kila alichofanya, ili Baba asome asubuhi akinywa chai.

Wendell alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpiga gongo, kinyago usoni, akipokea mipira inayokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu. “Mwone,” Baba alikuwa akisema, “mechi nzima yuko chini anakula vumbi, na hakuna anayemtazama. Bila yeye wangefika wapi?” Hata mimi nilijua alikuwa akimsema nani. Tatizo ni kwamba mechi ya besiboli ni ndefu kuliko ibada ya Pasaka, na usingizi ulikuwa ukinibeba. Nikizinduka, nakuta watazamaji wameshakwenda zao. Basi nilijaza mwenyewe. Wendell amemnasa mkimbiaji aliyetaka kunyemelea kituo cha mbele. Wendell amepiga mpira ukapotelea jukwaani. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini miguu imevimba. Ningemwandikiaje kwamba sijui?

Kufikia mwezi wa nane Mama alikuwa karibu kujifungua, na hapo kalamu yangu ikanigeuka. Kwetu Waluo mtoto huweza kupewa jina la marehemu wa ukoo, au la mtu aliyevuma kwa jambo kubwa. Mama alitaka Oloo, jina la marehemu baba yake. Baba alitaka Wendell. Walibishana wiki nzima kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele. Mwishowe wakafanya kama Wakenya wote niliowajua huko ughaibuni: wakaitisha kikao.

Jumapili baada ya kanisa sebule ilijaa wazee na kina mama. Mwenyekiti alikuwa Mzee Barasa, jirani yetu. Tukaomba, kisha ikasomwa ajenda, moja tu: je, Wendell ni miongoni mwa wakuu wa besiboli, au ni mchezaji tu? Katika wazee wale hakuna aliyewahi kushika gongo, labda la kufukuzia mbwa.

“Ushahidi uletwe,” akasema Mzee Barasa.

Baba akainua daftari langu kwa mikono miwili, kama Biblia. Akasoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na kina mama wakawa wanaitikia “Eeh!” Mama peke yake aliendelea kumimina chai.

Baba Mdogo Felix, mdogo wake Baba aliyekuwa akisoma chuo, akanyoosha mkono. “Bwana mwenyekiti, nina swali. Hiyo Jumanne anayoisoma kaka, Wendell alikuwa ameumia goti. Hakucheza wiki nzima. Ilikuwa kwenye gazeti.”

Baba akanitazama. “Achieng’, ulimwona?”

Ningesema ndiyo, Baba angeniamini kuliko gazeti. Na mdogo wangu angetembea na uongo wangu maisha yake yote.

“Nililala, Baba.”

“Siku hiyo?”

“Siku nyingi.”

Mtu akacheka, akajikatiza. Baba akafunga daftari taratibu. Nilitamani kochi linimeze. Lilikuwa na uzoefu.

Mama, aliyekuwa ameshashinda, ndiye aliyeuliza. “Kwani wewe, kwa macho yako, ulimwona akifanya nini?”

Nikasema kwamba siku moja mrushaji mchanga aliharibu mchezo, watu wakamzomea. Wendell akavua kinyago, akamwendea, akasimama mbele yake mpaka yule kijana alipomaliza kujifuta machozi.

“Hiyo uliiandika?”

“Hapana, Mama. Haina alama.”

Mikono ikahesabiwa. Wendell akaanguka, mdogo wangu akawa Oloo. Lakini hospitalini Mama ndiye aliyejaza fomu, na baada ya Oloo akaandika Wendell. Baba alilisoma jina lile mara mbili, kisha akatoka nje ya wodi kwa muda.

Leo Oloo Wendell anaishi Lakeville na besiboli haijui kabisa. Siku hizi kila mpira unarekodiwa na mashine zisizosinzia, wala hakuna binti anayeweza kumpendelea mtu. Kila majira ya baridi wakuu wapya wa besiboli wanatangazwa, na Baba, ambaye magoti yake yalikwisha akiwainamia wazee wa watu, hunipigia simu.

“Wendell wamemwacha tena?”

“Wamemwacha, Baba.”

“Basi nao walilala,” husema, akicheka. Nami huku kwenye kochi huketi wima.