Mwanamke Aliyepiga Magoti Ukutani

Harufu ya mablanketi yaliyolowa mvua hunirudisha kwenye ukumbi wa parokia yetu, masika yale nilipokuwa darasa la nne. Jumamosi mchana wanaume waliyatundika madirishani ili tupate giza, na padri akatuonyesha sinema ya Kijapani, nyeusi na nyeupe, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Katekista alisimama pembeni kututafsiria. Kijapani hakukijua hata neno moja, ila kwetu picha haikuachwa ipite bila kusemewa, kama Injili isivyoachwa bila mahubiri. Basi mwanamke mmoja alipopiga magoti mbele ya lango la tajiri, paji la uso likigusa tope, katekista akatangaza, "Sasa mama anasali." Ukumbi mzima tukaitika, "Amina!"

"Mwalimu, huyo hasali," mama yangu akasema kwa sauti. "Anamwomba yule bwana asimchukue mwanawe."

"Mama Agnesi, Kijapani umejifunza lini?" jirani akamtania, na watu wakaangua kicheko.

"Kwani kupiga magoti kuna Kijapani?"

Yeye hakucheka. Baba alikuwa amefariki, na wiki ile nyapara wa shamba la kahawa tulikoishi alikuwa ameagiza niache shule nikachume, la sivyo tuhame. Jumatatu mama alinihimiza niende shule mapema kuliko siku zote. Niliporudi nilimkuta bado shambani, amepewa safu mbili za mibuni, yake na yangu. Alizichuma zote mbili miaka yote mpaka nilipomaliza masomo, na mgongo wake haukunyooka tena.

Sasa naishi ng'ambo, Campbelltown, kwa mwanangu, na kila asubuhi namshukuru Mungu. Mjukuu wangu, anayesomea uuguzi, hunitafutia sinema za zamani za Kijapani. Zimejaa wanawake wa namna ile: wanainama, wanakula wa mwisho, wanatabasamu mtoto anapopanda treni na kuondoka. Juzi aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini mama mmoja wa sinemani hakukataa tu. Nilifurahi kwamba hajui, nikamkumbuka mama yangu. Siku hizi maneno ya wanawake wale yameandikwa chini ya picha, nami nayasoma yote. Aliyoyasema mama yangu mbele ya nyapara siyajui. Alihakikisha niko darasani wakati anayasema.