Niliposema Ndiyo kwa Kabine Mbili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa Kampala, mwaka wa mwisho wa masomo ya sheria, na katika wiki moja nilipata barua mbili. Mbili! Kabine mbili za ma-avoka, ofisi za mawakili, zilitaka nikafanye kazi kwao. Mimi Masika, mutoto wa wakimbizi, niliyevuka mupaka wa Bunagana kuingia Uganda kwa miguu na sufuria kichwani, risasi zikilia nyuma yetu! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani amekufa.

Kwa hiyo jana uliponipigia simu kutoka huko unakosomea, ukasema na wewe umepata mbili, niliruka kwenye kiti na magoti haya mabovu. Nilicheka, nikalia, nikawatangazia wote hapa nyumbani. Halafu ukaniambia, "Koko, nitachagua polepole, kwanza wote nimewajibu vizuri." Hapo nikakaa chini. Umewajibu vizuri namna gani? Ndiyo maana leo mimi bibi yako nakuandikia jambo ambalo sijawahi kumuelezea mujukuu yeyote, maana mimi mwenyewe halinipendezi.

Kabine ya kwanza ilikuwa kubwa. Etaje nane, yaani ghorofa, asanseri ya kupanda na kushuka, vioo kila upande mpaka unajiona ukipita. Walitetea benki na makampuni ya madini, na walitafuta mutu mumoja tu anayejua Kifaransa, awasomee mikataba inayotoka kwetu Congo. Ya pili ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mafundi cherehani. Mwenyewe alikuwa mama muzee, avoka, mimi nilimuita Maître, kama tunavyowaita ma-avoka kwetu. Alitetea wakimbizi, wajane walionyang'anywa mashamba, watu waliofungwa kwa kukosa karatasi. Nilikuwa nimefanya staji, mafunzo ya kazi, kote kuwili, kwa hiyo wote walinijua.

Na hili wewe unayesoma ugenini unalielewa kuliko mutu yeyote: visa ya mwanafunzi inakwisha pamoja na masomo. Bila kabine ya kukuombea karatasi ya kazi, unarudi kwenu. Na kurudi Goma na diplome ile ilikuwa kazi bure. Sheria niliyosoma Kampala siyo sheria ya kwetu, hakuna tribinali, mahakama, hapa ingenipokea hivi hivi.

Mukubwa wa kabine ya vioo akanipigia simu: unakuja? Ndiyo, bwana, nakuja, asante sana! Sikuvuta hata pumzi. Siku iliyofuata nikapanda zile ngazi za mafundi cherehani, ili nimukatalie Maître. Kweli nilikwenda kukataa, naapa. Lakini nilimukuta amechemsha chai, amenipangia meza karibu na dirisha, na akauliza, "Utaanza lini, binti yangu?"

Mwanangu, unatujua. Kwetu mutu mukubwa akikunyooshea kitu, unapokea kwa mikono miwili. Kumuambia muzee "hapana" machoni ni kama kumutukana. Tunakubali, halafu tunatuma mutu, au tunachelewa, au tunajifanya wagonjwa, mpaka yeye mwenyewe aelewe. Nikasema, "Mwezi ujao, Mama." Nikanywa chai yake yote.

Wiki hiyohiyo nilikutana na Bahati, kijana wa Masisi tuliyesoma darasa moja. Na yeye aliomba ile nafasi ya Kifaransa. "Wameniambia imejaa," akasema. "Visa yangu inakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Narudi." Kurudi Masisi miaka ile! Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Nikamuambia pole, Mungu ni mukubwa. Nilithubutu kumuambia hivyo, na kiti alichokuwa anakitafuta nilikuwa nimekikalia mimi! Wala sikuwaza. Nilikuwa nimelewa furaha.

Jumatatu nikapanda bisi kwenda kuonyesha barua zangu nyumbani. Vita ilikuwa imepumua kidogo, barabara ya Bunagana ilikuwa wazi. Jumanne nikashuka Kibati, kambi ya waliokimbia vita, karibu na Goma. Pale ndipo shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa anaishi katika hema la plastiki juu ya yale mawe makali ya volkano, na maelfu ya watu wengine waliokimbia. Yoo, furaha ya siku ile! Vigelegele! Watu wa mahema ya jirani wakaja. Shangazi akatuma kijana wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, alete bidoni nzima ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akakaanga sambaza, visamaki vya ziwa, mpaka harufu ikafika barabarani. Nikasimama katikati, nikasoma barua zote mbili kwa sauti kubwa kama padri anayesoma Injili.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusoma hata darasa moja yule mama, lakini hakuna posa iliyopita katika ukoo wetu bila yeye kukaa katikati.

"Na wewe uliwajibu nini?" akauliza.

"Niliwaambia ndiyo."

"Wote?"

"Wote, shangazi. Mengine nitaona mbele."

Akaweka kikombe chini. "Masika, umekunywa kasiksi ya familia mbili?"

Kila mutu pale alielewa. Wakija kuposa binti, upande wa kijana wanaleta pombe. Binti akipokea kikombe akanywa mbele ya wazee, amekubali, na wengine wote waliokuwa wanamutaka wanageuza njia. Binti anayekunywa ya huku na ya kule anawavua nguo wazazi wake. Nikajitetea kwamba hii ni kazi, siyo ndoa, na kwamba yule mama muzee alikuwa amenitandikia meza na chai, nilimuheshimu tu.

"Heshima gani hiyo?" akawaka. "Umemuacha mama muzee ametandika meza, akungoje mpaka achoke, unaita heshima? Na kile kiti cha pili, hakuna mutu alikuwa anakitafuta?"

Bahati! Nikamuelezea shangazi yote, mbele ya watu, machozi yakinitoka. Hakunitukana tena. Aliniuliza jambo moja tu: "Ukikosea kazi, ni wapi watakuonyesha?"

Nikafikiri. Kule kwenye vioo, miezi miwili hakuna aliyeshika jina langu. Waliniita "yule wa Kifaransa", na nikikosea walimupa mwingine arudie, mimi sijui hata nimekosea wapi. Maître alinirudishia barua yangu ya kwanza mara sita, kila mara ameketi kando yangu na kalamu nyekundu. Nililia siku ile, lakini ya saba ilikwenda mbele ya jaji na jina langu chini yake.

"Kwa mama muzee," nikasema.

"Basi kesho unarudi. Na hapana yako unaipeleka kwa mudomo wako. Usinitumie mutu!"

Kesho yake barabara ikafungwa. Walisema kuna mapigano karibu na Rutshuru. Ee Mungu, Jumatano ile! Nilizunguka hema mpaka shangazi akaniambia nitayatoboa mawe. Alhamisi asubuhi kamyo, lori la maharagwe, ikathubutu kupita, nikapanda juu ya magunia. Bunagana nilivuka mbio. Ijumaa saa tatu asubuhi niko Kampala, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hivyohivyo nikaingia kwenye asanseri.

Mukubwa wa kabine alikuwa mezani, na faili ya karatasi yangu ya kazi iko mbele yake. Nikamuambia: nisamehe, bwana, nilikubali kwenu na nikakubali kwingine, nachagua kwingine. Nikamuambia pia yuko kijana mwenye Kifaransa kizuri kuliko changu, na visa yake inakwisha leo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Mwisho akafunga faili. "Awe hapa kabla ya saa sita," akasema.

Nikakimbia! Asanseri ilichelewa, nikateremka etaje nane kwa miguu. Bahati nilimukuta kituo cha bisi, mizigo yake tayari imefungwa juu ya paa. Niliita jina lake mpaka wauza maji wakanisaidia kuita. "Shusha mizigo! Shusha, nakuambia!" Tukakimbia wawili, begi moja kila mutu, yeye hajui kama acheke ama alie. Saa sita haijafika, alikuwa ameandikwa.

Lakini njiani alitaka kujua nafasi iliyojaa imepatikanaje, na mimi nikamuambia. Akaninyang'anya begi lake, akaingia peke yake. Mwaka muzima hakunisalimia, na mimi nimeshakaa kwenye ile meza ya dirisha kwa Maître. Leo ni avoka mukubwa kuliko mimi, na tunasalimiana vizuri, ila mimi najua kamyo ingechelewa siku moja tu, ile bisi ingekuwa imemuchukua.

Sasa sikiliza, mwanangu. Furahi! Cheza muziki, wasumbue majirani, barua mbili si jambo dogo kwa mutoto wa Goma. Wazee wanasema njia mbili zilimushinda fisi. Fisi lakini alijiumiza mwenyewe tu. Wewe ukisimama kwenye njia mbili unamuzibia na mwenzako.

Sikuambii uchague ofisi ndogo. Kama kwenye jumba kubwa ndiko aliko mutu wa kukaa kando yako ukikosea, nenda huko bila kuangalia nyuma. Waulize wazi kama watakuombea karatasi za kazi, na lini. Kuuliza si ujinga. Watafute waliotoka pale, wakuambie waliachana namna gani. Ukishachagua, yule mwingine mupigie simu siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Hapana ya mapema haimutukani muzee.

Mungu wa baba zetu akufungulie milango, akupe mukubwa wa kazi atakayekusahihisha bila kukudharau, na kila kiti utakachokaa kiwe chako kweli. Mimi bibi yako nimekubariki kwa mikono yote miwili. Acha kusoma sasa, ushike simu. Kuna mutoto wa watu huko, humujui jina, anafunga mizigo yake.