Sahihi ya Qavavau kwa Minara ya Upepo

Leetia Nutarariaq amechunga jenereta ya Naujarvik, kijiji chetu cha kaskazini kwenye barafu, miaka kumi na tisa, na mikono yake inanuka dizeli hata akitoka kuoga. Ukimwambia hivyo atakujibu kwamba nawe unanuka uvivu, tena hulipwi. Ni binamu yangu, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Shule hakumaliza. Injini alijifunza kwa masikio: mtambo ukianza kukohoa, yeye keshavaa viatu. Majira ya baridi ya mwaka mmoja mtambo ulikata roho katikati ya dhoruba. Ndege ya kuleta kipuri haikuweza kutua, tukalala siku tatu katika ukumbi wa shule, kijiji kizima, wagonjwa, watoto wachanga, na mbwa kadhaa walioingia bila kuulizwa. Leetia alitoka pale amenuna. Akasema amechoka kungoja meli ya mafuta kila kiangazi wakati upepo wetu unamwangusha mtu mzima bure. Ndipo akaanza kuandika maombi kwa mfuko mmoja wa kusini unaotoa fedha za umeme safi kwa vijiji vyetu. Aliandika baridi mbili, kamusi pembeni. Mshauri wa kulipwa alipotaka kumwandikia, alimwonyesha mlango.

Fomu iliuliza kilima cha kuwekea minara ya umeme wa upepo ni cha nani kwa mila, na huyo mwenyewe aweke sahihi. Kila mtu hapa anajua ni cha Qavavau, baba yake Leetia, aliyekuwa akikaa kileleni kuangalia sili, wanyama wa bahari tunaowawinda, wanakotokea. Qavavau alifariki, na mwaka uleule mpwa wa Leetia akajifungua, mtoto akapewa jina lake. Kwetu jina halirudi peke yake, linarudi na mwenyewe. Wakati wa fomu alikuwa msichana wa miaka sita, meno ya mbele hana. Leetia humwita Baba, mimi namwita mjomba, na mama yake Leetia, bibi Ulaajuk, humwita 'mume wangu'. Basi Leetia akampelekea fomu, Qavavau akaandika jina lake kwa penseli, ulimi nje. Tarehe ya kuzaliwa ikajazwa ya kweli. Shahidi nilikuwa mimi. Baraza la kijiji likapiga muhuri, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro.

Barua ikarudi. Ombi limesimamishwa, sahihi ni ya mtoto, huenda kuna udanganyifu. Mtumishi wa mfuko atakuja kuhakiki, na asiporidhika, mwisho wa mwezi fedha zinapewa wengine.

Watu wakamshauri Leetia amwombe meya atie sahihi, yaishe. Hata mimi nilimwambia. Alinitazama kama nimetemea mate sufuria yake.

"Niwaandikie kwamba Baba hayupo, na asubuhi nimemfuta kamasi?"

Aliyekuja ni Bwana Fournier, kijana mrefu mwenye koti jipya lililomfanya aonekane kama godoro. Leetia alimkalisha jikoni, akamlisha samaki wa kuchemsha kabla ya neno lolote. Qavavau akaingia kutoka kucheza. Bibi Ulaajuk akachomoa nyama ya shavu la samaki, ile laini kuliko zote, akamwekea.

"Kula, mume wangu, umekonda."

Leetia alipomtafsiria, mgeni akaacha kutafuna. Akaelezwa habari yote ya jina, akasikiliza vizuri, lazima niseme. Akasema hana ubaya, ila kwa sheria zao mtoto hawezi kutia sahihi peke yake. Kisha akamuuliza Qavavau kama anaelewa alichokisaini.

Qavavau akameza kwanza. "Naelewa. Lakini minara isikae juu kabisa. Juu nakaa mimi, naangalia sili. Iwekeni begani mwa kilima."

Kwenye ramani minara ilikuwa kileleni, na aliyeichora pale ni Leetia mwenyewe, bila kuuliza. Baridi mbili za kazi, na hilo hakuliuliza. Akachukua kifutio, akaihamisha palepale mbele ya mgeni, masikio yamemwiva kwa aibu.

Bwana Fournier akauliza nani kamfundisha mtoto maneno yale.

"Nani amfundishe?" bibi Ulaajuk akasema. "Kilima ni chake."

Kijana akafikiri, kisha akasema kanuni inaruhusu mlezi atie sahihi pembeni ya mtoto. Bibi Ulaajuk, ambaye ndiye humlea, akadai kalamu. Akaandika jina kwa herufi zetu, na penye nafasi ya uhusiano akaandika: mke. Mgeni akauliza pale pamesemaje, akaambiwa. Aliitazama karatasi kitambo, akaitia mkobani bila kubadili chochote. Kwa hilo namsamehe lile koti.

Fedha zilikuja. Kiangazi kilichopita minara miwili ilisimama begani mwa kilima. Siku ya kuwasha tulijazana nyumba ya jenereta, meya na hotuba yake mkononi. Leetia akampita, akambeba Qavavau hadi kwenye swichi ya jenereta.

"Zima mwenyewe, Baba."

Akabonyeza kwa vidole viwili. Ngurumo tuliyozaliwa nayo ikanyamaza, tukasikia mbwa wanabweka ng'ambo ya ghuba. Taa hazikufifia. Upepo ukilala jenereta bado huamshwa, na Leetia bado ananuka dizeli, lakini siku ile alisimama katikati ya ukimya wake, kidevu juu, hataki kutazamwa na mtu.

Bibi Ulaajuk akamshika mumewe mkono. Akasema hotuba wataisikia wengine, nyumbani chai inapoa.