Aliyekwenda Kunisema Kaunsili

Barua yenyewe ilikuwa fupi na ya adabu. Ilisema mpango wa msaada wa kodi ya kaunsili umebadilika kwa watu wote, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata nitalipa sehemu ambayo zamani nilikuwa nasamehewa. Watu wote! Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi nimezaliwa Tanga nikakulia Tanga, na mtaani kwetu ofisi ikisema "watu wote" ujue inamtafuta mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ana jirani aliyekwenda kumsema.

Kwa asiyeijua kodi hii, ni ile ambayo kila nyumba huilipa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, ya kuzoa taka, ya taa za barabarani na mengine ambayo sijawahi kuyaona kwa macho. Mwenye kipato kidogo hupunguziwa. Mimi nilipunguziwa karibu yote, maana namlea binti yangu peke yangu na kazi yangu ni ya saa chache: nazunguka majumbani mwa wazee hapa Wembley, nawaogesha, nawavalisha, nawapa dawa na chai, nakimbilia kwa mwingine. Hicho walichonitaka nilipe kwenye barua kilikuwa sawasawa na umeme wangu wa mwezi. Ina maana nichague, taa au kaunsili.

Basi nikaanza kutafuta ni nani.

Wala sikutafuta mbali. Mlango wangu unatazamana na mlango mmoja tu, na nyuma ya mlango huo alikuwa akiishi mama wa Kikenya, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, anayefanya usafi kule uwanja wa mpira. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Kila alfajiri nilimpelekea binti yangu wa miaka saba akiwa bado na usingizi. Alimlaza kitandani kwake, akamwamsha saa ikifika, akampa uji, akampeleka shule, na mimi nikawahi wazee wangu. Bila yeye sina shifti ya asubuhi, na bila shifti ya asubuhi sina kazi ya maana. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililoniuma zaidi. Mtu aliyeshika riziki yako mkononi, halafu akuchongee!

Ushahidi? Ninao. Sikiliza habari ya viatu.

Mwaka mmoja kabla, kuna mwanamume alikuwa akigongagonga milango ya jengo letu ovyo, mara anauza hiki, mara anaulizia fulani. Niliogopa. Yule jirani akaniambia, "Weka viatu vya mwanaume hapo nje. Akiviona atajua kuna mtu ndani." Akanipa vya mpwa wake, kijana aliyekuwa akilala sebuleni kwake na kufanya kazi ya ghalani huko Hayes. Viatu vikubwa hivyo, mtu angeweza kuogea ndani yake. Nikaviweka kwenye kapeti la mlangoni pamoja na kandambili zangu na viatu vya shule vya mtoto. Kila baada ya siku kadhaa nilivigeuza kidogo vionekane vimevaliwa. Yule mgongaji milango hakurudi tena kwangu, nikamshukuru sana dada yangu yule.

Sasa barua ilipokuja, viatu nikaviona kwa jicho lingine. Kaunsili inanitambua kama mtu mzima mmoja ndani ya nyumba; akionekana wa pili, punguzo linaondoka. Na mlangoni pangu kwa mwaka mzima pamekaa viatu vya dume la watu! Nani alivileta? Yeye. Nani anavitazama kila siku anapotoka na kuingia? Yeye. Kama si mtego, nini? Nilijiona mjinga jamani, mjinga kabisa. Nilivichukua siku hiyohiyo nikavitia kwenye mfuko mweusi na kuvitupa kwenye pipa la chini, nikiangalia dirishani kwake kama pazia linatikisika.

Lilitikisika. Naapa lilitikisika.

Siku chache baadaye tukakutana kwenye ngazi, yeye anapanda na mboga zake, mimi nashuka. Badala ya kunisalimia vizuri akasimama na kuniuliza, "Kwani wewe hujapata barua ya kaunsili?" Amejuaje? Nikamjibu kwamba sina barua yoyote. Akanitazama usoni, muda mrefu kuliko inavyohitajika, akasema "Haya," akaendelea kupanda. Nilisimama pale nikajisemea, ee Mola wangu, huyu anakuja kupima kazi yake kama imefika.

Tangu hapo kila kitu chake nikakiona. Akiwa anazungumza kwenye simu nikafika, anashusha sauti. Mpwa wake ambaye zamani alinisalimia mpaka habari za wazee wangu, sasa ananipita kichwa chini. Binti yangu nilikuwa nikimhoji kila jioni: Anti amekuuliza nini leo? Amekuuliza nani analala kwetu? Mtoto ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Anti amemuuliza kama anataka sukari zaidi. Hiyo nayo sikuipenda. Kwa nini anambembeleza?

Mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikamgongea mlango nikamwambia, kwa upole wa kinafiki, kwamba kuanzia kesho mtoto atapelekwa shule na mtu mwingine, asijisumbue tena. Nilitarajia aulize kwa nini. Mtu asiye na hatia angeuliza, sivyo? Hakuuliza. Alisema, "Sawa, hakuna shida," akafunga mlango. Nikarudi ndani. Kumbe kweli, nikasema. Kumbe ni yeye kweli.

Huyo mtu mwingine hakuwepo, bila shaka. Nilimpigia msimamizi wangu nikaomba wazee wa mchana tu. Akanikubalia kwa wiki mbili, akaniambia kwa sauti ile ya kirafiki wanayotumia wakikuonya, kwamba baada ya hapo wale wa asubuhi atawapa mtu mwingine moja kwa moja. Kwa hiyo sasa sina punguzo, sina asubuhi, na kodi ya kaunsili iko palepale. Nilianza kuchemsha maharage ya siku tatu kwa mara moja. Nilikuwa nakaa gizani na koti mwilini, namwambia mtoto tunacheza mchezo wa kambi. Hakudanganyika hata kidogo.

Ndipo mzee mmoja ninayemhudumia, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa na bado anakumbuka Kiswahili cha kuagizia mihogo, akaniambia nisikae kimya, niende kwenye ule ukumbi wa maktaba, kuna watu wanaosaidia mambo ya kodi bure. Nikaenda. Nilikwenda kwa nia moja: sikutaka msaada, nilitaka jina la aliyenisema.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Niliingia nikamwona fundi seremala wa ghorofa ya chini. Nikamwona yule mwenye watoto mapacha. Karibu nusu ya jengo letu imekaa pale kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha yake mapajani, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Na kwenye safu ya nyuma, kando ya kiti pekee kilichokuwa wazi, amekaa jirani yangu.

Nikakaa. Ningefanyaje? Tulitazama mbele kama watu wasiojuana walioketi pamoja kwenye basi. Mwishowe nikasema bila kugeuka, "Hata wewe?"

"Hata mimi," akasema. "Kwani ulidhani ni wewe pekee?"

Nikamuuliza, "Wewe nani alikusema?"

Hapo akageuka. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Si ni wewe unajua kijana wangu analala kwa sebule? Nani mwingine anajua? Nilikuuliza pale kwa ngazi kama umepata barua, ukaniambia hapana. Nikajua. Huyu hajapata barua kwa sababu ni yeye amenichomea."

Nilisimama. Sijui nilisimamia nini, ila nilisimama, na ukumbi mzima ukageuka. "Mimi nikuchongee wewe? Mimi! Niliyekupikia futari mwaka jana na wewe hata hufungi? Wewe ulithubutuje kunidhania hivyo?" Na nilikuwa na hasira ya kweli, hasira safi kabisa, ya mtu aliyesingiziwa.

Akaningoja nimalize. "Na mtoto ulimtoa kwangu kwa nini?"

Nikakaa tena.

"Viatu," nikasema.

"Viatu gani?"

Nikamweleza. Nilivyoeleza kwa sauti, kila neno likawa na aibu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole, "Nilikupa viatu vya mtoto wa dada yangu, ndiyo upate usingizi. Halafu ukaketi ukafikiria nilikupa ndiyo nikuuze."

Hakuna kati yetu aliyecheka. Ningependa kuandika kwamba tulicheka.

Zamu yangu ilipofika, mshauri, msichana mwenye miwani na subira nyingi, aliniambia hakuna mtu aliyesema lolote. Kaunsili haina hela, imebadilisha mpango, na kila mwenye umri wa kufanya kazi sasa analipa sehemu. Nikamuuliza kama hakuna hata simu moja iliyopigwa. Akasema, "Mama, kompyuta imewapigia hesabu nyote siku moja." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akanijibu vilevile. Nikafikiri, hata kama angejua asingeniambia. Akanijazia maombi ya mfuko wa walio kwenye shida, akanipangia kulipa kidogokidogo, nikamshukuru. Kweli nilimshukuru, yule binti alinisitiri.

Nilipotoka nikamkuta jirani yangu kituoni. Tulipanda basi moja. Nikamwomba radhi, naye akaniomba radhi, kila mmoja akiangalia dirisha lake. Karibu na kushuka akauliza, "Kesho uko na shifti?"

Nikasema ningekuwa nayo kama ningekuwa na mtu.

"Lete mtoto," akasema.

Usiku ule nilimwandikia msimamizi, akanirudishia wazee wangu wa asubuhi, siku mbili tu kabla hajawagawa. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Alfajiri nikamvalisha binti yangu, nikavuka ujia ule mdogo kati ya milango yetu, nikagonga. Jirani yangu alifungua, amevaa kanga niliyompa mwenyewe. "Amekunywa chai?" "Bado." "Sawa, atakunywa." Akamshika mtoto mkono akaingia naye.

Miaka yote alikuwa akiuacha mlango wazi kidogo mpaka nimalize ngazi, ili mtoto anipungie mkono. Safari hii mlango ulifungwa nyuma yao, na baada ya kitambo nikasikia mnyororo ukiingizwa mahali pake. Sikuwahi kujua kwamba mlango ule una mnyororo.

Niliteremka nimefura. Ananifungia mnyororo, mimi! Baada ya kuombana radhi! Nilitembea mpaka kituoni nikimsema moyoni, na basi lilichelewa, nikapata nafasi ya kumsema vizuri zaidi. Hata nilipokaa kitini nilikuwa bado namsema. Tulikuwa tumeshapita vituo kadhaa ndipo nilipokumbuka nilivyomwambia binti yangu dakika chache tu kabla ya kugonga, nimepiga magoti nikimfunga koti. Nilimwambia mtu yeyote akimuuliza habari za nyumbani kwetu, aseme hajui.

Akaniuliza kwa Kiingereza, hata Anti?

Nikamvuta zipu mpaka kidevuni, nikamwambia ndiyo, hata Anti.