Sura ya Wifi Kwenye Jalada

Kazi yangu ni kutoa nakala na kufunga vitabu. Siyo vitabu vya maana sana: ripoti, mitihani, kazi za wanachuo wanaokuja dakika ya mwisho jasho likiwatoka. Duka langu la fotokopi linatazamana na ofisi ya wanyamapori, na mashine yangu kubwa ina tabia moja ya kipumbavu, ikichemka inatafuna karatasi. Kwa hiyo Jumatano ile watu wa ofisi hiyo walipoleta kazi ya nakala arobaini, zote zifungwe kwa waya wa spairo kabla ya saa nane mchana, nilikaa kando ya mashine nikiichunga kama maziwa jikoni. Jalada la kwanza likatoka, la rangi, bado lina moto. Aliyekuwa ananikenulia meno pale juu ni wifi yangu.

Niliizima mashine, nikavaa miwani, nikatazama upya. Ni yeye, na kilemba chake cha bluu, na mundu begani. Chini yake wameandika kwa herufi kubwa: Mpango wa Kumwokoa Shonashona.

Wifi yangu huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Mjini wanamwita Mama Mundu, kwa sababu hata msibani anafika nao, anauegemeza ukutani kama wengine wanavyoegemeza mwavuli. Kwao ni watu wa bwawani. Walikuwepo pale kabla mji haujawa mji, wakati hapa penye duka langu palikuwa tope tupu. Anakata matete, anasuka mikeka na vikapu na zile dari za matete ambazo nusu ya nyumba za mji huu zinazo. Ni mrefu, amekauka kama tete lenyewe, na ulimi wake ukikutana na wangu watu hutafuta pa kukaa wasikilize.

Nilipoolewa kwao alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni. "Hivyo viatu umekuja navyo makusudi?" akaniuliza. Kesho yake akanipeleka bwawani, nikazama hadi magotini, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nikawa natafuta pa kumlipizia, na nilipapata kwenye ukataji wake. Mama Mundu hakati moja kwa moja kama mtu anayefyeka. Anakata upana wa hatua tatu, anaruka hatua tatu, anakata tena. Mwaka unaofuata anageuza: palipobaki ndipo anakata. Ukisimama juu barabarani unaona bwawa lina mistari.

"Wifi," nikawa namwambia, "bwawa lako limenyolewa na kinyozi mlevi."

"Nyoa wewe basi," alikuwa ananijibu, na yanaishia hapo. Mimi nikaamini ni uvivu. Nimemsema hivyo miaka kumi na minane, mbele ya wageni.

Shonashona nilikuwa namjua kwa sauti tu. Ni kindege cha kahawia, koo la manjano, kinashona kiota chake kwa nyuzi za matete, ndiyo maana ya jina. Kwingine kote kimekwisha, kimebaki kwenye bwawa letu. Mwaka jana alitumwa ofisa mmoja kutoka ofisi ile ya jirani, sisi tunamwita Bwana Miwani, akazunguka na wifi bwawani siku tatu. Wifi alimwonyesha viota vyote anavyovijua, kumi na tisa. Siku ya mwisho wifi akarudi nyumbani amelowa, anatabasamu. "Leo nimekuwa mwalimu," akatuambia. "Mwanafunzi wangu ana daftari zuri kweli." Ile picha ya jalada ilipigwa siku hiyo.

Sasa, kazi ya mteja mimi sisomi. Huo ndio mwiko wangu wa duka. Lakini uso wa ndugu yako ukikutazama unasoma. Ukurasa wa kwanza ulisema mpango huu umeandaliwa kwa kuwashirikisha kikamilifu wenyeji wa asili wa bwawani. Nikasema, sawa, safi. Nikafungua wa nane.

Kilichoandikwa pale ni hiki: tishio la kwanza kwa shonashona ni ukataji wa matete. Viota vyote kumi na tisa vilivyoonekana viko hatua chache tu kutoka mahali palipokatwa, jambo linaloonyesha ukubwa wa hatari. Kwa hiyo bwawa lote lizungushiwe uzio, na ukataji upigwe marufuku. Saini zitatiwa kesho, saa nne asubuhi, ukumbi wa mji.

Nilikaa chini. Wamemweka mtu juu ya jalada anacheka, halafu ndani wanamfungia mlango wa kwao. Siku ile nilivunja na mwiko wa pili, wa kutobaki na nakala ya mteja. Nilitoa nakala ya arobaini na moja, nikaitia kwenye mkoba.

Nilimkuta uani kwake analoweka matete kwenye pipa. Kusoma kwake ni kwa kubabaisha, kwa hiyo alianza na picha.

"Mbona wameniweka na kilemba kile cha zamani?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Nikae nini, nimefiwa?"

Nikamsomea. Mikono yake ikabaki ndani ya maji, haisogei. Nilingoja atukane, maana kutukana anajua.

"Soma tena hapo kwenye viota," akasema.

Nikasoma.

"Vyote kumi na tisa viko karibu na nilipokata. Si ndicho nilichomwambia yule wa miwani?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyeandika. "Yule ndege anajenga kwenye tete kuukuu, maana ndilo gumu, halimwangushi. Lakini wadudu wa kulisha makinda wako kwenye tete changa. Anataka jiko mlangoni. Nisipokata, hayo machanga yatatoka wapi?"

Hatua tatu makuukuu, hatua tatu machanga. Kinyozi mlevi.

"Miaka yote hii kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa unacheka." Akatoa mikono majini, akaifuta kwenye kanga taratibu. "Na kesho wameniita. Wamesema nivae vizuri, kutakuwa na picha."

Hakuwa ameambiwa kwamba anaitwa kutia saini.

Kesho yake nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi hata nikiumwa. Ukumbi ulikuwa umejaa viti vya plastiki na chupa za maji. Mezani alikaa daktari wa elimu ya ndege kutoka ofisi kuu, mama mmoja mpole, sketi imenyooka pasi. Bwana Miwani akaeleza mpango kwa picha za ukutani, akatuonyesha doti nyekundu kumi na tisa kwenye ramani. Watu wakapiga makofi. Kisha wifi akaitwa mbele, kwa niaba ya watu wa bwawani. Akasimama na gauni lake la harusi za watu. Mundu, kwa mara ya kwanza, aliuacha nyumbani.

Akapewa kalamu. Akaishika, akaitazama.

"Nina swali dogo kabla sijaandika," akasema. "Ile kona ya bwawa yenye pampu ya maji, mliyoiwekea uzio miaka mitatu iliyopita, tukaambiwa tusikanyage. Mle ndani mmekuta viota vingapi?"

Bwana Miwani akatazama karatasi zake. "Kule hatukuingia, mama. Ni eneo la hifadhi. Hairuhusiwi kuingia."

"Hata na nyie?"

"Hata na sisi."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Daktari alikuwa ameishika chupa yake ya maji karibu na mdomo. Akaiweka mezani bila kunywa.

"Ni mbali?" akauliza.

"Ukitoka mlango huu, unafika kabla viatu havijachafuka," wifi akasema.

Tulikwenda wote. Ufunguo wa geti hakuna aliyejua uko wapi. Kufuli lilikuwa limekula kutu, tukaligonga jiwe likaachia. Ndani, mimi niliyekulia mjini, nilishtuka. Matete yalikuwa yamelaliana, ya kijivu, makavu, huwezi kupenyeza mkono. Panya wakatukimbia miguuni. Tulitafuta kila upande, ofisa, na mimi na daktari na sketi zetu. Tulipata kiota kimoja, cha zamani, kimeraruka, nyuzi zinaning'inia.

Na muda wote ule, nje ya uzio, kwenye mistari ya wifi, shonashona walikuwa wanapiga kelele kama soko. Ndani kimya.

Daktari alikaa chini, palepale penye vumbi la matete, na sketi yake ya pasi.

"Mama huyu alikwambia haya?" akamuuliza Bwana Miwani.

"Aliniambia."

"Uliandika wapi?"

Yule bwana alivua miwani, akaifuta, na hakuirudisha. "Sikuandika. Niliona ni maneno ya mazungumzo tu. Niliandika vipimo."

Nilijiandaa kumtolea uvivu, maneno nilikuwa nayo ya kutosha wiki nzima, lakini wifi akanigusa mkono.

"Mwache," akasema. "Hata huyu wifi yangu alinicheka miaka kumi na minane, na bado nampikia."

Watu wakanigeukia. Nikainama, nikajifanya natoa matete kwenye sketi.

Saini hazikutiwa. Zile nakala arobaini zilirudi dukani kwangu, nazitumia upande mweupe. Wiki tatu baadaye wakaja wenyewe, daktari na Bwana Miwani na wifi katikati yao, wakakaa kwenye benchi langu la wateja kwa sababu wifi alikataa kwenda ofisini; alisema kule viti vinazunguka. Mpango ukaanza kuandikwa upya: Bwana Miwani anasoma mstari, wifi anaukubali au anaukata, daktari anaandika. Siyo kwamba kila kitu kimekwisha. Karatasi itapanda ofisi kuu, na huko kuna watu wasiojua tope. Uzio wa pampu bado umesimama.

Walipofika ukurasa wa nane Bwana Miwani alikohoa. "Hapa kwenye tishio la kwanza, mama. Tuandike nini?"

"Uzio," wifi akasema.

Daktari akainua kichwa. "Uzio wetu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Nilisimamisha mashine ili nisikie. Daktari akashusha kalamu, akaandika. Wifi akamwambia amsomee tena alichoandika, neno kwa neno. Akamsomea: tishio la kwanza kwa shonashona ni uzio wetu.